Filamu yenye miisho miwili: nani kamwona Lily wa kweli?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Juzi nimeangalia filamu ya zamani ya Marekani, Baby Face, ya Barbara Stanwyck. Mwishoni wakubwa wa benki wanaelezana kwamba yule dada na mumewe wametoa mali yao yote, sasa wanaishi Pittsburgh na mume anafanya kazi kiwandani. Kaka yangu aliyeko Toronto anaijua filamu hiyo na anakataa katakata: anasema inaishia ndani ya gari la wagonjwa, na habari ya Pittsburgh haimo kabisa. Nani kati yetu kaona filamu yenyewe? La pili, mume wangu anasema hii ni hadithi ya mchuna buzi tu, na mwanamke kapata alichostahili. Mimi nilimwonea huruma tangu mwanzo. Je, nimekosea?" Msomaji, Morogoro.

Marahaba, dada yangu. Wewe na kaka yako wote mmesema kweli, maana kila mmoja ameona filamu yake. Wewe umeona ile iliyoingia kwenye majumba ya sinema Julai 1933, baada ya wakaguzi kuishika na kampuni ya Warner kuikatakata ili ipite. Kaka yako ameona ile iliyotengenezwa kwanza, kabla ya mkasi. Ile ya kaka yako ilidhaniwa imepotea moja kwa moja mpaka mwaka 2004, na namna ilivyopatikana nitakusimulia.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya niandike jibu refu hivi. Huruma yako haikukosea. Tena nakupongeza, kwa sababu umeipata ndani ya nakala ambayo watu walikaa mezani wakaifanyia kazi makusudi ili mtazamaji asimhurumie yule binti.

Turudi Erie, anakoanzia Lily, yule binti anayeigizwa na Stanwyck, maana kisa kizima kimefungwa pale. Erie ni mji wa viwanda jimboni Pennsylvania. Pombe ilikuwa marufuku Marekani nzima tangu 1920 hadi mwisho wa 1933, kwa hiyo Nick Powers, baba yake Lily, anaendesha kilabu cha kificho, na nje ana mtambo wake wa gongo. Wateja ni wanaume wa viwandani, wamejaa jasho na masizi. Lily anawahudumia, na si kwa vinywaji tu. Baba yake mzazi amekuwa akimuuza.

Anakuja mwanasiasa wa pale mjini, mtu ambaye ulinzi wake ndio unaofanya polisi wasikanyage kilabuni. Nick anawaondoa watu, anamwacha bwana yule na binti yake. Bwana anaweka mkono juu ya goti la Lily. Lily, ameshika birika, anammwagia kahawa ya moto mkononi, kisha anamwomba radhi kwa sauti ya upole kabisa: eti mikono yake hutetemeka sana akiwa karibu naye. Bwana hakomi. Anamfuata, anamkamata kwa nguvu, na hapo Lily anampiga chupa ya kichwa. Baba anaporudi, hana swali hata moja kuhusu hali ya mwanawe. Amekasirika kwa sababu biashara imeharibika. Ndipo Lily anapomtolea yote ya moyoni: kwamba tangu ana miaka 14 hajajua kitu kingine ila wanaume, na aliyemfikisha hapo ni yeye, baba.

Muda mfupi baadaye mtambo wa gongo unalipuka na Nick anakufa motoni. Kamera inamtazama Lily akiutazama moto. Hakuna chozi. Stanwyck ameuacha uso wake mtupu, wala hakujaribu kutuonyesha furaha au huzuni, na nadhani ndiyo sababu sura ile bado inanikaa kichwani baada ya kuiona mara nyingi.

Sasa anaingia mtu ambaye kwake ndiko tofauti ya filamu hizi mbili ilipo hasa: Cragg, fundi viatu, mzee mpweke anayesoma vitabu vya mwanafalsafa Nietzsche wa Ujerumani. Ndiye mwanamume pekee pale mjini asiyemtaka Lily kitandani. Katika filamu ya kwanza anamwambia, kwa ufupi, hivi: mwanamke kijana na mzuri anaweza kupata chochote duniani, kwa sababu ana nguvu juu ya wanaume. Lakini lazima awatumie wao, asikubali wamtumie yeye. Awe bwana wa maisha yake, asiwe mtumwa. Aende mji mkubwa. Awatumie wanaume apate anachokitaka.

Katika nakala uliyoiona wewe, Cragg yuleyule anatoa nasaha za mzee wa kanisa: kuna njia njema na njia mbaya, na gharama ya njia mbaya ni kubwa mno. Maneno mapya yalibandikwa juu ya picha za zamani. Baadaye, Lily akiwa New York, Cragg anamtumia kitabu cha Nietzsche kwa posta, na kuna mistari iliyotiwa alama inayomhimiza ayakabili maisha bila woga na kuua kila hisia laini moyoni. Kwenye nakala yako pameingizwa barua ya kumkaripia kwamba hakusikia ushauri. Hapo ndipo mtazamaji makini anapokwama. Kama mzee alimkataza, ya nini Lily kuendelea kumheshimu kama mwalimu wake? Filamu yenu ina shimo pale, na shimo lenyewe lilichimbwa na mkasi.

Safari ya kwenda New York nayo ilinyolewa. Lily na rafiki yake Chico wanadandia treni ya mizigo, mfanyakazi wa reli anawakuta ndani ya behewa, anawatishia jela. Lily anamwangalia, anatabasamu, anauliza kama hawawezi kuongea wakaelewana. Chico anajitenga upande mwingine wa behewa akiimba taratibu. Tunachoonyeshwa ni glavu za yule bwana zikiwekwa kando na mkono ukizima taa. Basi. Hakuna mwili uliovuliwa nguo. Ila kila mtu mzima aliyekuwa ukumbini alijua nauli imelipwa kwa nini, na ndiyo maana ikakatwa.

Kisha jengo. Benki inaitwa Gotham Trust, ghorofa juu ya ghorofa. Anapoomba kazi anaulizwa kama ana uzoefu, naye anajibu kwamba anao mwingi. Kuanzia pale kamera inafanya jambo moja ambalo naliona la werevu mkubwa: kila Lily anapompata mwanamume mpya, tunatoka nje ya jengo, na jicho la kamera linapanda ukutani, dirisha kwa dirisha, mpaka idara inayofuata. Mafaili, halafu rehani, halafu uhasibu. Muziki unaosindikiza ni ule wimbo wa W. C. Handy wa 1914, "St. Louis Blues", ambao Chico pia huuimba. Mmoja wa vijana wanaoachwa nyuma kule chini ni John Wayne, akiwa bado hajajulikana dunia nzima kwa ile kofia yake ya mchunga ng'ombe. Amevaa suti ya karani, na Lily anampita bila kugeuka.

Hapa naomba nimpe mumeo haki yake, maana hoja yake si ya kutupwa. Lily anaumiza watu. Stevens, kijana wa uhasibu, ana mchumba, na baba wa mchumba huyo ni Carter, mkubwa wa pili pale benki. Lily anamteka Stevens, kisha anamruka na kumchukua Carter mwenyewe, aliyemwita ili amfukuze kazi. Inaishia Stevens kumpiga risasi Carter na kujiua. Wanaume wawili wamekufa na msichana mmoja kapoteza baba na mchumba siku moja. Lily anapiga simu kutoa taarifa kwa sauti ya mtu anayeripoti bomba linalovuja. Mtu akisema haoni cha kupenda hapo, simlaumu.

Ila kuchuna buzi kunataka buzi, na buzi la filamu hii limevaa tai na kukaa kwenye viti vya ngozi. Kila mlango anaopita Lily hufunguliwa kwa ndani. Mkono mtupu haulambwi, na katika jengo lile kila bwana mwenye funguo anamjulisha hivyo kabla Lily hajafungua mdomo. Anachofanya ni kutumia sarafu pekee ambayo dunia, kuanzia kwa baba yake, imemwambia anayo. Ninapoionyesha kwa wanafunzi wangu, huwa wanacheka sana kamera inapopanda mara ya kwanza. Mara ya tatu kicheko kinapungua. Ya nne ukumbi unakuwa kimya.

Mtazame na Chico, anayeigizwa na Theresa Harris. Mwaka 1933 mwigizaji mweusi wa kike Hollywood alipewa aproni na trei, aingie, acheke, atoke. Harris mwenyewe aliigiza watumishi sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Lakini kule Erie, Nick anapotaka kumfukuza Chico kwa kuvunja vyombo, Lily anasema Chico akiondoka naye anaondoka. Wanadandia treni pamoja. Na huko juu, Lily akiwa na manyoya na vito, bwana mmoja anamtaka amwondoe yule msichana mweusi, anajibiwa kwamba Chico anabaki. Ni kweli kwamba New York Chico anavaa sare ya mtumishi mbele za watu, na filamu haikuthubutu kuvuka hapo. Hata hivyo, mtu anayesema Lily hana moyo aeleze kwanza uaminifu huu ambao haukumletea senti moja.

Baada ya mauaji, bodi inataka kumnyamazisha asiuze shajara yake kwenye gazeti. Rais mpya wa benki, Courtland Trenholm, mjukuu wa mwanzilishi, anamshtukia na kumpeleka tawi la Paris akafanye kazi kweli. Na anaifanya, kwa juhudi, jambo ambalo watu husahau. Trenholm anamkuta huko, wanapendana au wanadhani wanapendana, wanaoana. Halafu benki inaanguka, mume anashtakiwa, anahitaji fedha za kujitetea. Anamwomba mkewe arudishe alivyompa.

Tukio hili, dada yangu, lirudie peke yako usiku nyumba ikitulia. Lily ana kasha dogo la vito na hati, thamani yake nusu milioni ya dola. Anakataa. Anamwambia mumewe kwamba lazima ajifikirie mwenyewe, kwamba maisha yake yamekuwa machungu na magumu, kwamba yeye si kama wanawake wengine: upole na wema wote uliokuwa ndani yake umeuawa. Hivi vitu ndivyo pekee alivyonavyo. Stanwyck hapandishi sauti. Anaongea kama mtu anayesoma hesabu ya mwisho wa mwezi.

Alijua anachokisema. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1907 kwa jina la Ruby Stevens, akafiwa na mama angali mtoto mdogo sana, baba akaondoka na kuwaacha, akalelewa huku na kule, na akiwa msichana mdogo tayari alikuwa akicheza dansi kwenye maonyesho ya usiku New York. Sisemi maisha yake ni ya Lily. Nasema alipotamka neno "magumu" hakuhitaji kufundishwa na mtu.

Miisho sasa. Lily anapanda meli na kasha lake, moyo unamgeuka, anarudi mbio, anamkuta mumewe amejipiga risasi. Ndani ya gari la wagonjwa kasha linaanguka na kufunguka, vito na fedha vinasambaa sakafuni. Mhudumu anamwonyesha. Anajibu kwamba sasa haina maana tena. Mume anafumbua macho, anatabasamu. Hapo filamu ya kaka yako inakwisha, na hatujui watakula nini kesho. Katika yako pameongezwa wale wazee wa bodi wakituhakikishia kwamba kila senti imerudishwa na Trenholm yuko kwenye kiwanda cha chuma. Yaani binti aliyezaliwa kwenye moshi wa viwanda vya Pennsylvania anarudishwa kwenye moshi wa viwanda vya Pennsylvania, na wanaotoa habari hiyo kwa kuridhika ni wakubwa wa benki. Mimi mwisho huo huniuma kila mara.

Nani alifanya hivi? Aprili 1933 bodi ya ukaguzi wa filamu ya jimbo la New York iliikataa. Uamuzi wa namna hiyo haukuwa na pa kukatiwa rufaa ya maana, kwa sababu mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba sinema ni biashara tupu, haina kinga ya uhuru wa maoni kama gazeti. Uamuzi huo ulidumu mpaka 1952. Majimbo kadhaa yalikuwa na bodi zao, na Pennsylvania, nyumbani kwa Lily, ilikuwa mojawapo. Kampuni ikipoteza New York imepoteza soko lisilozibika. Warner wakakubali mkasi. Darryl Zanuck, ambaye ndiye aliyebuni kisa hiki na kukiandika kwa jina la bandia la Mark Canfield, alikuwa ameondoka Warner mwezi huohuo kwa ugomvi wa mishahara.

Hollywood ilikuwa na kanuni zake za maadili tangu 1930, zilizoandikwa na padri Daniel Lord wa Shirika la Yesu pamoja na mchapishaji Martin Quigley, ila zilifuatwa kwa kulegalega. Ukali halisi ulikuja Julai 1934, Joseph Breen, mkuu wa ofisi ya kusimamia kanuni hizo, alipopewa mamlaka ya kutoa au kunyima kibali, na tangu hapo filamu kama hii isingeweza kutengenezwa tena. Mfumo huo uliishi hadi 1968.

Sasa angalia walichokata, maana jibu la swali lako la pili limo humo. Ukosefu wa maadili waliuacha. Katika nakala yako Lily bado anapanda ghorofa zote, bado wanaume wawili wanakufa. Kilichopunguzwa ni ile purukushani na mwanasiasa, nguvu aliyotumia bwana mkubwa na chupa iliyomjibu. Kilichoondolewa kabisa ni mafundisho ya Cragg, fikra iliyofanya mwendo wake uwe uamuzi wa mtu mwenye akili. Kilichoongezwa ni adhabu. Ukimtolea mtu sababu zake na kumwachia makosa yake, kinachobaki ndicho hicho alichokiona mumeo. Hakuona vibaya. Alionyeshwa hivyo.

Na kulikuwa na sababu ya kutotaka watu wamwelewe sana. Filamu ilipigwa katika majira ya baridi ya 1932 kuingia 1933, robo ya wafanyakazi wa Marekani wakiwa hawana kazi. Machi 1933 Rais Roosevelt alifunga benki zote za nchi kwa siku kadhaa. Mtu aliyesimama foleni akitafuta akiba yake, kisha akaingia sinema na kuona binti wa kilabu cha gongo akiwapukutisha wakubwa wa benki mmoja baada ya mwingine, hakuhitaji kuambiwa amshangilie nani.

Nakala ya kwanza iliokolewa na utaratibu wa kazi tu. Mkasi ulipita kwenye negativi ya kamera, yaani ukanda wa asili unaotumika kuchapisha nakala, lakini negativi ya pili iliyonakiliwa kabla ya kukatwa ikabaki ghalani. Mwaka 2004 tamasha la filamu la London liliomba nakala kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwenye hazina yake ya kule Dayton, Ohio, ilikokuwa ikitunzwa mikanda ya zamani ya naitreti, ile inayoshika moto upesi, wahifadhi walikuta negativi mbili za filamu hii, na moja ilikuwa ndefu kuliko mwenzake. Hiyo ndefu ilikuwa imekaa miaka 71 bila kuonyeshwa. Ikaonyeshwa London Novemba mwaka huohuo, na 2005 ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa.

Kuijua ni rahisi: isiyokatwa ni ya dakika 76 hivi, iliyokatwa ni 71. Zote mbili zilitolewa pamoja kwenye DVD mwaka 2006, na kaka yako akipata seti hiyo akuletee akija. Ukishaipata, mwite mumeo mkae mwangalie pamoja. Usimwambie lolote kabla. Mngoje afike kwa fundi viatu, na akishamaliza kumsikiliza yule mzee muulize kama bado anasema alichosema.